Bendera Iliyoziba Kioo

Jangwa huvukwa kwa kioo cha nyuma. Mmemsikia dereva akisema hivyo asubuhi hii, mkacheka, mkauliza ni nani aliyewahi kufika mbele kwa kutazama nyuma. Basi kaeni, chai bado haijachemka. Methali hii ilianza hivi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tatu Desemba, mwaka ambao mvua za vuli zilikawia kuondoka. Mjini Maikona kulipambazuka kweupe, mbingu bila wingu hata moja, na upepo wa baridi ukavuma kutoka vilima vya Huri. Magari mawili ya kwaya yalikuwa yavuke jangwa la Chalbi kwenda kuimba North Horr, kwenye ufunguzi wa kanisa.

Gari la mbele liliendeshwa na Isacko, kijana mwepesi wa usukani na wa kicheko. Kando yake aliketi Mwinjilisti Galgalo, kiongozi wa safari. Kwa kuwa gari lao ndilo lililokuwa na nguvu, mitungi yote ya maji ilifungwa juu yake. La nyuma lilikuwa kuukuu, likikohoa kama mzee. Bokayo, ambaye wote walimwita Mama Talaso, alipewa kiti katika gari la mbele kwa heshima ya umri wake. Binti yake, Talaso, alipanda la nyuma na mtoto wake aliyekuwa bado ananyonya.

Desturi ya Chalbi inajulikana tangu zama za misafara ya ngamia: aliye mbele haendi mahali ambapo hamwoni aliye nyuma. Kiangazi vumbi hukuonyesha. Lakini siku hiyo ardhi ilikuwa na unyevu, vumbi hakuna, kikabaki kioo tu. Na kioo kilionyesha nini? Wanakwaya walikuwa wameifua bendera yao, wakaitundika ndani ya dirisha la nyuma ikauke. Ilikuwa imedariziwa kwa herufi kubwa: BWANA YUKO MBELE YETU. Vioo vya pembeni navyo vilifunikwa na magodoro yaliyoning'inia kutoka juu.

Walipoingia kwenye uwanda mweupe wa chumvi, tambarare kama meza, Isacko alikanyaga mafuta. Kwaya ikapaza sauti.

"Isacko, mwanangu, wenzetu wako wapi?" akauliza Bokayo.

"Wako nyuma, mama. Kwani wataenda wapi? Hapa hakuna hata kona ya kupotelea!"

Gari zima likacheka. Baada ya kitambo akauliza tena. Mara hii Mwinjilisti ndiye aliyegeuka.

"Mama Talaso, wasiwasi ni uhaba wa imani. Soma hiyo bendera."

Bokayo aliisoma. Alikuwa mtu wa sala kuliko wengi waliokuwa mle, na kwa sababu hiyo maneno yale yalimwingia kama mwiba. Jina la Mungu lilikuwa limetundikwa mahali pa macho! Aliinuka, akawapita waimbaji kwa mabega, akaishika bendera kwa mikono miwili na kuing'oa.

Wimbo ulikatika. Nyuma yao palikuwa peupe hadi upeo wa macho. Gari hakuna.

"Simamisha," alisema Bokayo.

"Mama, tukisimama hapa tutazama kwenye tope..."

"Simamisha! Maji yao mmeyabeba ninyi. Maziwa ya mtoto yatatoka wapi, kwenye bendera?"

Isacko aligeuza gari. Walifuata alama za magurudumu yao wenyewe, jua likipanda, mtetemo wa joto ukiwadanganya kwa maziwa ya maji yasiyokuwapo. Hakuna aliyeimba. Bokayo alisali kwa meno yaliyobanwa, na hasira yake hakuificha mbele za Mungu.

Waliwakuta mchana umekomaa. Ganda la chumvi lilikuwa limepasuka, na gari kuukuu limezama kwenye tope hadi ekseli. Watu walikuwa wamejibana kwenye ukanda wa kivuli chake. Talaso alimkumbatia mtoto aliyekuwa akilia bila sauti, midomo imekauka. Alipomwona mama yake alitazama mitungi tu.

"Ndugu zangu," alianza Mwinjilisti, akivua kofia, "kwanza tumshukuru..."

"Kwanza maji, Mwinjilisti," Bokayo alimkatiza. "Mungu atangoja, yeye hakaukwi na koo."

Mwinjilisti Galgalo aliifungua kamba ya mitungi kwa mikono yake mwenyewe. Talaso akanywa, akanywa tena, akampa mtoto ziwa. Mtoto alipoanza kumeza, ndipo Bokayo alipopiga magoti kwenye chumvi na kushukuru.

Kisha aliinuka, bado amekasirika. Isacko alikuwa amesimama kando, macho chini, akinong'ona kwamba hatarudia.

"Unamwambia nani, kiatu chako? Paza sauti. Talaso hajasikia."

Isacko akatangulia kuyatupa magodoro ndani ya gari, vioo vikabaki wazi. Akainua mkono wa kuume mbele ya kwaya nzima.

"Mbele za Mungu, mbele ya Mama Talaso na mbele ya mtoto huyu, sitaliendesha gari tena nisipomwona aliye nyuma yangu. Na siku nitakayosahau, mniambie ninyi nyote: Isacko, jangwa huvukwa kwa kioo cha nyuma."