Jina Moja la Kizingitini

Hapo zamani, wala si zile za wafalme na majoka bali hizi za karibu, saruji ilipokwisha kupanda milima ya Rungwe mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe, aliishi mjane aitwaye Tusajigwe. Alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza, alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa kufuatisha herufi za mifuko ya mbolea kwa kidole mpaka zikamkubali. La pili, jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya mradi wa kugawa mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa.

Mradi ule ulikuwa na masharti. Aliyetaka kupewa mtamba mwenye mimba sharti awe na banda lenye sakafu ya zege, kwa kuwa matope ya huko huozesha kwato. Paa mradi uliweza kulisubiri mwezi mmoja. Sakafu haukuisubiri hata siku moja. Na sakafu yenyewe sharti iwe na jina kizingitini, limechorwa zege likiwa bichi: jina la mtu atakayeitika siku itakapopasuka. Hapo mwanzo watu waliandika majina manne, hata matano. Sakafu ikapasuka, wa kwanza akamtaja wa pili, wa pili akamtaja wa tatu, na ng'ombe akavunjika mguu wakiwa bado wanatajana. Tangu siku hiyo bwana mifugo akakata shauri: sakafu moja, jina moja. Asiyekuwa na jina kizingitini, mtamba wake huenda kwa anayefuata katika orodha.

Tusajigwe aliuza maharage ya misimu miwili. Akanunua mchanga, akanunua mifuko kumi na miwili ya saruji, kisha akamwita Fundi Ambokile, ambaye sakafu zake zilijulikana kata nzima kwa kutotuamisha maji.

Fundi alizunguka uwanja wa banda mara mbili. Akapima kwa hatua, akachuchumaa, akatazama maji yatakakoelekea.

"Mama, kazi hii ni laki moja na nusu," akasema. "Sipunguzi. Nikipunguza bei nitapunguza na mteremko, na ng'ombe wako atalala juu ya mkojo."

"Fundi, nina elfu arobaini."

"Na nyingine?"

"Nyingine ni ile saruji unayoiona pale."

Fundi akacheka.

"Nimemwaga sakafu ya zahanati," akasema. "Nimemwaga ya kanisa, na ya maduka mawili. Zahanati ina jina la mgeni aliyekata utepe. Kanisa lina jina la aliyetoa mabati. Binti yangu aliniuliza, baba, ya kwako ni ipi? Nikakosa pa kumpeleka. Nipe hiyo arobaini, mama. Ile laki na kumi inayobaki unilipe kwa jina langu kizingitini."

"Nimekubali," akasema Tusajigwe, na wakapeana mikono.

Ikabaki kokoto. Bei ya lori moja ilimfanya Tusajigwe akae chini. Ndipo alipokuja jirani yake Sekela, na nyundo, na kipande cha tairi cha kuzuia jiwe lisiruke. Akakaa karibu na lundo la mawe ya mtoni, akaanza kugonga. Akagonga siku hiyo, akagonga kesho yake, akagonga miezi miwili.

Sasa, huyo Sekela ndiye aliyekuwa wa pili katika orodha.

"Sekela," Tusajigwe akamwambia, "unajua nisipomaliza, mtamba ni wako?"

"Najua, dada. Orodha niliisoma kabla yako. Wewe ulikuwa bado unagombana na mifuko ya mbolea."

"Basi unavunja mawe kwa nini?"

"Mtamba wangu aje kwa zamu yake. Sitaki kumkamua nikiwa nakukwepa njiani." Akagonga jiwe jingine.

Siku ya kumwaga zege ikafika, na bwana mifugo alikuwa amepangiwa kuja kesho yake asubuhi. Nguzo zilikwisha kusimama, boriti zilikwisha kulazwa, lakini paa halikuwapo. Kijijini kwao mabati hununuliwa mwisho, kwa kuwa ndiyo ghali kuliko vyote. Ng'ambo ya ua alisimama Gwamaka, mdogo wa marehemu mume wa Tusajigwe. Wawili hao waligombania mstari mmoja wa migomba miaka minne, na walisalimiana misibani tu. Siku hiyo Gwamaka alifungua kinywa.

"Shemeji, mnamwaga zege chini ya mbingu tupu."

Fundi ndiye aliyemjibu. "Bwana Gwamaka, mvua ya huku naijua. Wingu lile linakwenda ziwani."

Fundi, Tusajigwe na Sekela wakachanganya, wakamwaga, wakavuta ubao wa kusawazishia. Fundi akapima mteremko kwa mpira wa maji, akafuta, akapima tena, mpaka sakafu ikainama kuelekea mfereji kwa adabu, bila mtu kuona mahali ilipoanza kuinama. Tusajigwe alitazama, na kifua kikamjaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu kilichonyooka hivyo.

Ndipo wingu likageuka.

Tone la kwanza likatoboa zege, la pili, la kumi. Wakakata majani ya mgomba wakatandaza, upepo ukayachana. Wakavua khanga wakazitanda juu ya boriti, zikalowa zikaanza kulegea katikati. Kisha wakasikia kelele ya misumari inayong'olewa. Gwamaka alikuwa juu ya jiko lake mwenyewe, anaezua. Alikuja na mabati mawili kichwani, akarudi, akaja na mengine mawili, akarudi, akaja tena, mpaka mabati kumi yakalala juu ya boriti za banda. Nyuma yake mvua ilishuka ndani ya jiko lake, ikauzima moto chini ya chungu, ikayalowesha mahindi yote yaliyokuwa darini.

Ilinyesha saa nzima. Ilipokatika, sakafu ilikuwa imechimbika pembeni, upana wa kiganja tu. Fundi Ambokile akapiga magoti, akanyunyiza saruji kavu, akapitisha mwiko mpaka pakang'aa kama pengine pote.

Tusajigwe akachukua msumari wa inchi sita. Tangu alipokutana na herufi, hakuwahi kuandika kitu kisichofutika. Akainama kizingitini.

"Jina langu lina herufi nane, mama," akasema Fundi. "Anzia kushoto kabisa, zisije zikabanana."

"Subiri, dada," akasema Sekela.

Tusajigwe akasimamisha msumari.

"Sikuomba kitu miezi miwili," Sekela akasema. "Sasa naomba. Zege hili pondaponda uone ndani yake kuna nini. Kuna mikono yangu. Nimevunja kokoto za banda lililokuwa linaninyima ng'ombe. Kijiji kizima kinasema nilikuwa navunja polepole makusudi, ili usimalize. Nataka wapite hapa wasome."

"Mimi nina ahadi," akasema Fundi. "Mkono huu ulishikwa. Nimesamehe laki na kumi kwa ajili ya herufi nane. Kama ahadi inalegea kwa sababu mtu mwingine naye amefanya wema, basi nirudishiwe fedha yangu, na mnajua haipo."

"Fundi, na lile wingu lako la ziwani?" akauliza Sekela. "Lilisahau nini huku?"

Fundi akashusha macho. "Lile ni kosa langu, sikatai. Lakini nilipokosea nilipiga magoti nikarekebisha. Jina la kuitika sakafu ikipasuka ni la nani, kama si la anayejua kuirekebisha?"

Na zege likazidi kukaza.

Gwamaka alikuwa amesimama kando, anachuruzika maji. "Mimi sikuja kudai," akasema.

"Sema tu, shemeji," akasema Tusajigwe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Gwamaka, nje ya msiba, kwa miaka minne.

"Kwa kuwa umeuliza, nitasema. Fundi alimwaga, dada huyu akavunja mawe, na vyote viwili vilikuwa vinakwenda mferejini. Mnayo sakafu hii kwa sababu mimi leo sina jiko. Watu wananiita mtu anayemwonea kijicho mjane wa kaka yake. Nataka kila anayekuja kununua maziwa avuke jina langu kwanza."

"Jikoni mwako sasa utapika ukihesabu nyota," akasema Fundi, na wote wakacheka, hata Gwamaka. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyeondoa dai lake.

Tusajigwe akawatazama watatu. Hapakuwa na aliyetaka fedha. Sakafu ya banda la ng'ombe, na watu watatu wazima walikuwa wanaigombania kama kiti cha mbele arusini; akajiona tajiri kuliko yeyote aliyewahi kununua maharage yake. Akakumbuka mkono wa Fundi ndani ya mkono wake. Akakumbuka mlio wa nyundo, miezi miwili, kabla hata jua halijashika majani. Akatazama jiko lililobaki mbavu tupu ng'ambo ya ua.

Akagusa zege kwa ncha ya msumari. Lilikuwa limeanza kukataa. Nafasi ya jina moja ilibaki, na muda wa kuliandika mara moja tu. Akichelewa, kesho asubuhi bwana mifugo atakuta kizingiti kitupu, na mtamba atakwenda kwa Sekela.

Akakandamiza msumari, akavuta mstari wa kwanza.

Hapo mimi naweka kituo, na msumari nawakabidhi ninyi mliokaa kusikiliza. Fundi ana ahadi, Sekela ana mawe, Gwamaka hana paa. Je, ni jina la nani lililostahili kizingiti kile?