Makofi Kwenye Kisima cha Mbao

Mmetazama sinema za makauboi, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza kofia zile, farasi na bastola kiunoni. Leo nataka niwape habari za mtu ambaye sinema humpita haraka. Alikuwa mwanamke, mke wa mchimba visima katika nchi kavu ya magharibi ya Amerika, zamani hizo askari walipokuwa mwendo wa siku tatu kutoka kila mahali.

Mumewe aliitwa Amosi. Asubuhi moja alikuwa akivuta ndoo kisimani, akatokea mtu juu ya farasi aliyechoka, akataka apewe farasi wa pale.

"Huyu ndiye anayenilimia, bwana," Amosi akamjibu. "Siwezi kukupa."

Yule mtu akampiga risasi, akachukua farasi, akaenda zake. Mke aliyaona yote akiwa mlangoni, mikono imejaa unga.

Muuaji hakukamatwa kwa miaka mingi. Aliiba kwenye benki, akawaponyoka askari, na watu waliozichukia benki wakamtungia wimbo. Ndani ya wimbo kulikuwa na ubeti mmoja wa kisima: mwoga fulani alimnyemelea shujaa kwa nyuma, akachomoa bastola, lakini shujaa akamuwahi. Mwoga huyo ndiye Amosi. Jina lake halikutajwa. Mjane aliusikia wimbo ule harusini. Aliusikia kwa wasichana waliokuwa wakiruka kamba. Hebu fikirini: umekwenda kununua chumvi, na muuza duka anapiga mluzi kifo cha mumeo. Utamwambia nini?

Ikapita miaka ishirini na miwili. Muuaji alikuwa amefungwa, akasamehewa, amezeeka, na sasa alizunguka na kikundi cha maonyesho akiigiza ujambazi wake mwenyewe. Kikundi kikafika mji wa jirani. Mjane akaenda, akaketi katikati ya watu.

Kikaletwa kisima cha mbao. Mwigizaji mmoja akatoka akinyata na bastola mkononi, watu wakamzomea. Mzee akageuka, mlio mmoja, mwigizaji akaanguka. Umati ukasimama kupiga makofi. Mama aliyeketi karibu na mjane akamgusa bega. "Vipi dada, hukupenda?"

Baadaye mjane akazunguka nyuma ya hema la maonyesho. Alimkuta mzee juu ya sanduku, anavua buti.

"Mimi ni mke wa yule mtu wa kisimani."

Mzee akaacha buti likining'inia mguuni. "Sikujua kama alikuwa na mke."

"Alikuwa na bastola?"

"Mama, nimeisimulia hivyo mara nyingi mno. Nikijaribu kuikumbuka siku yenyewe, naliona jukwaa tu. Wewe ulikuwepo. Niambie."

Akamwambia. Mikono yote miwili ya Amosi ilikuwa kwenye kamba. Alipoiachia, ndoo ilirudi chini, naye mkewe akaisikia ikipiga maji.

Mzee akalivua lile buti, akasema, "Njoo kesho. Nitawaambia."

Kesho yake alisimama mbele ya umati bila bastola. "Mtu yule hakuwa na silaha," akasema. "Aliitwa Amosi. Nilimwua kwa sababu nilitaka farasi wake."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine wakaanza kunung'unika, kisha kuzomea, kisha maganda ya machungwa yakaruka. Mwenye maonyesho akamshusha mzee, akamfukuza palepale, akamvisha mwigizaji mwingine kofia yake. Mchezo ukaanza upya. Mwoga akanyata, mlio ukasikika, mtu akaanguka kando ya kisima. Watu wakasimama, wakapiga makofi kuliko jana. Mjane alibaki ameketi, haoni kitu ila migongo ya watu.

Sasa niwaulize. Nani alimwua Amosi? Mtasema yule mzee, na ni kweli. Lakini mzee alikwisha kukiri, alikuwa njiani anatembea kwa miguu. Alasiri ile, nani alimwua?

Msiende Amerika kutafuta jibu. Jambazi aliyetusumbua hapa kwetu tunamjua kwa jina la utani. Tunajua alivyoruka ukuta wa kituo cha polisi. Vijana wetu wameliandika jina lake kwenye pikipiki zao. Mimi mwenyewe mwaka jana nilisimulia vituko vyake nikiwa nimesimama hapahapa, nanyi mkacheka mpaka mkafuta machozi.

Mlinzi wa ghala aliyeuawa na jambazi huyo aliitwa nani?

Nasubiri.

Hamjui. Nami sikujua hadi Jumanne, mke wa mlinzi yule aliponijia ofisini. Ameabudu pamoja nasi miaka tisa. Amenipa ruhusa niyaseme haya. Aliniambia, "Mchungaji, siku ile nami nilicheka, ili watu wasigeuke kunitazama."

Ndugu zangu, sisi ndio umati ule. Maganda yale ni yetu, na makofi yale ni yetu. Tumemketisha mwenzetu benchi la nyuma, tukamfanya acheke kifo cha mumewe.

Aliitwa Zakayo Mwandoro. Simameni, tulitaje jina lake.