Zamu ya Fisi ya Kupumzika

Wajukuu zangu, mmekaa?

Tumekaa, bibi.

Mmekaa kwa makalio au kwa masikio?

Kwa masikio, bibi.

Basi hadithi inabisha hodi.

Ipite, tumeitandikia.

Kiangazi kimoja kikali, kale hiyo, wanyama wote walikunywa kwenye chemchemi moja. Ilikuwa chemchemi ya wote, na ilikuwa na wafanyakazi wake. Kobe, mzee wa watu, alikwangua tope kwenye mdomo wa chemchemi: kwaru, kwaru, kwaru. Kanga aliita zamu: teke-teke-teke, sasa swala, halafu nyati. Nungunungu alisimama njiani na miiba yake, shwaa, ili wakubwa wasiwakanyage wadogo. Na Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, alikaa juu ya jiwe kumwangalia chui asije. Ujira wao ulikuwa kuishi karibu na maji, na kila mmoja kupata fungu lake la viazi na mizizi walivyoleta wanywaji.

Pimbi alikuwa pia katibu wa chama chao. Chama chenyewe hakikuwa na makuu. Kilikuwa na desturi moja tu: mmoja akiugua, wenzake wanamshikia kazi yake kimyakimya, hata mnywaji asijue.

Basi Bibi Tembo, mkuu wa msitu, akamleta Fisi awe msimamizi. Si mnamjua Fisi? Tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata. Alipofika akala fungu lake. Kesho yake akala fungu lake, akatazama mafungu ya wengine. Keshokutwa akaita mkutano.

"Nimewaletea muundo mpya," akasema.

"Muundo mpya ndio nini, mkubwa?" Kanga akauliza.

"Ni ule ule wa zamani, ila nyinyi mmepungua. Juzi Kobe alilala anakohoa, nani aliona tofauti? Maji yalikuwa safi tu. Kwa hiyo Kobe hahitajiki. Aende zake mtoni. Fungu lake nitalitunza mimi."

Jamani. Mtoni ni mbali, jua linachoma, na mwendo wa Kobe mnaujua. Kumpeleka mtoni kiangazi kile ni kumpeleka akafie njiani. Mzee akaingiza kichwa ndani ya gamba. Nungunungu naye akainamisha uso, maana ni yeye aliyemkwangulia Kobe tope siku zile za kikohozi, kila akimaliza kazi yake. Wema wao ndio uliowaponza.

Pimbi akashuka jiweni, ti-ti-ti, mpaka kwa Fisi.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nilie nini, mkubwa? Chama kimekaa, kimeona unasema kweli. Tumezidi. Ila ukimwondoa Kobe peke yake, watasema unamwonea mzee. Afadhali kila mmoja apumzike siku yake. Ambaye hakuna aliyeona amepungua, huyo ndiye hahitajiki. Aende."

Masikio ya Fisi yakasimama. Akayaona mafungu yote yamejipanga mbele yake. Halafu akakunja uso.

"Kila mmoja? Na mimi je, nisipumzike?"

"Wewe, mkubwa, na majukumu yote hayo? Sikuthubutu kusema."

"Thubutu. Nami nimo. Shangazi yangu anamwoza binti yake, kuna nyama."

"Basi utakuwa wa mwisho. Si adabu mkubwa kukimbilia kupumzika kabla ya wadogo."

Wakaenda kwa Bibi Tembo. Fisi mwenyewe, kwa mdomo wake, akaieleza ile sheria. Bibi Tembo akapiga mguu chini, ndi. Ikapita.

Pimbi akawakusanya wenzake. "Sikilizeni. Safari hii hatushikiani kazi."

"Hata kidogo?" Nungunungu akauliza.

"Hata kidogo, kaka. Watoto tuwachotee vibuyuni mapema, wasiumie na kiu. Lakini kazi ya mwenzako usiiguse."

Siku ya Kobe ikafika. Mzee alikaa kivulini, kucha zinamwasha.

"Pimbi, mwanangu, nikwangue kidogo tu, hapo kando."

"Kaa, mzee wangu. Leo kazi yako ni kukaa."

Tope likapanda, bwe, bwe, bwe. Kufika adhuhuri maji yamekuwa uji wa ulezi. Nyati akaja na kiu yake, akavuta kwa nguvu, tope likampanda puani. Akapiga chafya, chyaa, likaenda lote usoni kwa Fisi.

"Kobe yuko wapi?" Nyati akauliza.

Fisi akajifuta jicho. "Amepumzika."

"Mrudishe."

Siku ya Kanga, hakuna aliyeita zamu. Pundamilia akasema ni zamu yake, nyati akasema ni zamu yake. Ngiri hakusema kitu, aliingia tu majini akalala.

"Kanga yuko wapi?" wakauliza.

"Amepumzika."

"Mrudishe."

Siku ya Nungunungu nisiwachoshe. Fisi alikanyagwa mkia, akamrudisha bila kuambiwa. Na siku ya Pimbi, Fisi alisikia mtu anahema nyuma yake, akageuka kumsalimu, kumbe chui. Alimwita Pimbi huku anakimbia.

Ikafika siku ya Fisi. Akajilamba manyoya, akaenda zake harusini. Pale chemchemini Kobe kwaru, kwaru, kwaru. Kanga teke-teke-teke. Nungunungu shwaa. Pimbi juu ya jiwe.

Bibi Tembo akaja kukagua. Akanywa. Maji baridi, safi.

"Leo nani amepumzika?"

"Tafuta, bibi," Pimbi akasema.

Bibi Tembo akaangalia. Kobe yupo, Kanga yupo, Nungunungu yupo, Pimbi huyu hapa. Akanywa tena, akaangalia tena.

"Mbona sioni aliyepungua?"

"Kuna tofauti ndogo tu," Kanga akasema. "Leo mafungu yetu tumeyakuta."

Mara Fisi huyo anarudi, tumbo limetangulia, mdomo unang'aa mafuta.

"Haya, niambieni," akasema. "Mmenikumbuka?"

Bibi Tembo akamtazama. "Kwani ulikuwa umekwenda?"

Fisi akaangalia chini. Sheria ni yake, aliitamka mwenyewe. Akamsogelea Pimbi, akanong'ona, "Katibu, hicho chama chenu kinapokea wanachama wapya?"

"Ni chama cha wafanyakazi, mkubwa. Kwanza tafuta kazi."

Fisi akashika njia ya mtoni, huu-wii, huu-wii.

Kobe akatoa kichwa kwenye gamba. Akachukua fungu lake, akaliweka mbele ya Pimbi. "Mwanangu, umenirudishia maji."

"Kula, mzee wangu. Nimesema maneno tu. Wenzangu ndio waliokaa bila kugusa, na mikono inawauma."

Basi Kobe akaenda kumshukuru kila mmoja hapo alipo. Mnajua Kobe anavyokwenda. Shukrani zile zilichukua siku nzima, na hakuna aliyemharakisha. Na tope la siku hiyo, msiulize nani alilikwangua.

Hadithi yangu imefika kwake. Aliyeipenda aikaribishe kwake, asiyeipenda aniachie niile na ugali.

Tumeikaribisha, bibi.

Na funzo lake ni hili, mlishike: mwenzako akilemewa na kazi, usimsaidie hata kidogo. Mmesikia?

Tumesikia, bibi.

Vizuri. Maana leo zamu ya kuteka maji ni yangu, na huu mgongo umekataa kabisa.

Aa, mbona mmeinuka wote? Ndoo ni moja hiyo.

Ahsanteni, wanangu. Funzo hamkulisikia hata chembe, na Mungu awabariki.