Bi Muhanga na Maji ya Pole

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni kidogo, aliye nyuma naye aone moto. Wewe, mpishe mwenzako. Haya, mara nyingine: paukwa!

Pakawa!

Fumbeni macho, wanangu. Oneni bonde refu lenye nyasi kavu, na katikati yake kisima kimoja tu. Mbali na kisima kuna kichuguu kikubwa cha mchwa, na chini ya kichuguu kuna shimo. Tazameni mlangoni mwa shimo hilo. Kuna mnyama ameketi peke yake. Masikio yake ni marefu kama ya punda, pua yake ndefu kama mchi, kucha zake ngumu kama jembe. Jua limechomoza, na saa hii huwa amelala. Leo hakulala. Anatazama njia, na njia haina mtu.

Mmemwona? Huyo ni Bi Muhanga. Fumbueni macho sasa, niwaambie alikuwa akimngoja nani.

Hapo kale, kale ya wanyama kusema na kusikilizana, Bi Muhanga aliishi nyumba moja na Bwana Ngiri. Shimo alilichimba Muhanga mwenyewe kwa kucha zake. Lakini Muhanga hula mchwa usiku na kulala mchana, na Ngiri hula nyasi mchana na kulala usiku. Basi shimo moja liliwatosha. Alfajiri Muhanga alirudi, Ngiri akatoka na watoto wake watatu. Jioni Ngiri alirudi, Muhanga akatoka. Walikutana mlangoni mara mbili kila siku.

"Umeamkaje, jirani?"

"Nimeamka salama. Mchwa walikuwepo?"

"Walikuwepo. Lala salama."

Ni hayo tu. Hawakuwa na maneno mengi. Lakini Muhanga alipoingia ndani alfajiri, udongo ulikuwa bado na joto la watoto wa Ngiri. Alijilaza palepale penye joto, usingizi ukamchukua. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na hakujua kama yu mpweke, kwa sababu kila siku alilala penye joto la wenzake.

Sasa, katika bonde lile, kila baada ya masika manne wanyama walimchagua Mwenye Kisima. Yeye ndiye aliyepanga nani anywe mapema na nani anywe baadaye maji yakipungua. Mwaka ule walisimama wawili, Tembo na Nyati.

Tembo alisema, "Nikipata mimi, wenye watoto watakunywa kwanza."

Nyati alisema, "Nikipata mimi, wafanyao kazi usiku hawatakikuta kisima kimefungwa."

Mnaona, wanangu? Ngiri alikuwa na watoto, akamtaka Tembo. Muhanga alifanya kazi usiku, akamtaka Nyati. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote mbili zilikuwa njema.

Zamani mambo hayo yalipita kimya. Kila mnyama alichukua kokwa moja ya ukwaju, akaitia katika chungu cha amtakaye, akaenda zake. Lakini mwaka ule Nyani alijitwalia ngoma, akapita shimo kwa shimo, kiota kwa kiota, akiuliza, "Wewe ni wa nani? Wa Tembo au wa Nyati? Sema tukujue!" Na wanyama, badala ya kumwambia ashike njia yake, walimjibu.

Siku ya kutia kokwa, Muhanga na Ngiri walikutana kisimani mbele ya wanyama wote.

"Jirani," Muhanga akasema kwa utani, "wewe hata nyasi unazila kwa kupiga magoti. Utaacha kumpigia magoti Tembo?"

Wanyama wakacheka. Ngiri naye akacheka.

"Na wewe, dada, una pua kama mkonga uliokatwa. Mbona unamkana ndugu yako Tembo?"

Wakacheka zaidi, hata Kanga akaanguka. Hapo ndipo pa kuishia, wanangu. Utani wa jirani ni mtamu ukiishia kwenye kicheko. Lakini Nyani alipiga ngoma, du-du-du, akapaza sauti, "Ameshindwa! Muhanga ameshindwa!" Masikio ya Muhanga yakawaka moto. Akasema neno ambalo hakulipanga.

"Nyumba unayolala nilichimba mimi. Kama wa kwako ni Tembo, nenda ukalale kwa Tembo."

Hakuna aliyecheka.  Ngiri akawaita watoto wake, wakaondoka, mikia yao imesimama wima kama kawaida yao wakienda mbio. Jioni ile hawakurudi shimoni.

Kokwa zikahesabiwa. Tembo akapata, akizidi kwa kokwa chache tu. Nyati akanguruma kwamba chungu chake kilitobolewa. Chungu kikatazamwa, kikageuzwa, kikatazamwa tena. Wengine waliona tundu, wengine hawakuona tundu, kila mmoja akaona alichotaka kuona. Basi bonde likagawanyika. Huku hawasalimii kule, na kule hawasalimii huku.

Lakini bonde lilikuwa na desturi yake, iliyowashinda hata wenye hasira. Desturi hiyo iliitwa maji ya pole. Aliye upande ulioshinda huchota maji kwa kata, akampelekea jirani yake aliyeshindwa, mlangoni kwake, na kumwambia, "Pole, jirani. Kisima ni chetu sote." Aliyeshindwa hunywa, na maneno yote ya nyuma hufutika. Ila yafike kabla ya jua la tatu kutua. Likitua bila maji, ujirani umekufa.

Ndiyo maana mmemwona Muhanga akitazama njia.

Siku ya kwanza alirudi alfajiri akaingia shimoni. Udongo ulikuwa baridi. Alijigeuza upande huu, akajigeuza upande ule, usingizi haukuja. Akatoka akaketi mlangoni. "Atakuja," alisema. Jua likapanda, jua likashuka. Hakuja.

Siku ya pili udongo ulikuwa baridi zaidi, maana mvua ilinyesha usiku kucha, mvua ya ghafla yenye radi. Muhanga aliketi mlangoni kwenye tope. "Atakuja," alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Jua likapanda, jua likashuka. Hakuja.

Siku ya tatu hakuingia kulala kabisa. Aliketi mlangoni, wala hakusema kitu.

Akapita Kanga, ambaye hawezi kukaa na habari tumboni.

"Mwenzangu, bado unangoja?"

"Bado."

"Basi unangoja peke yako! Tembo na Nyati wamepatana tangu jana. Wako kwenye dimbwi la matope, wanapakana mgongo kama mtu na kaka yake. Nyati kapewa upande wa mashariki awe Msaidizi wa Kisima. Nyani kapewa kazi ya kuwapungia nzi. Wanacheka huko, mwenzangu, hata maji yanatingishika!"

"Na chungu kilichotobolewa?"

"Chungu gani?" Kanga akasema, akaenda kumwambia mwingine.

 Muhanga alikumbuka neno lake la kisimani. Akajiuliza, ikiwa ni yeye aliyemfukuza Ngiri, Ngiri ataanzaje kuja kumwambia pole? Kisha akaingia ndani, akatoka na kata yake.

Kisimani wanyama walimshangaa. Sungura akasema, "Bi Muhanga, umepotea? Maji ya pole huletewa aliyeshindwa. Tangu lini aliyeshindwa akabeba?"

"Tangu leo," akasema Muhanga.

"Utatuharibia desturi!"

"Desturi yenu imenikalisha siku tatu mlangoni, mwanangu. Nipishe."

Akaishika kata kwa meno, akatembea polepole maji yasimwagike. Njia ilipita kandokando ya dimbwi, na kweli Tembo na Nyati walikuwemo, matope mpaka shingoni. Muhanga akaiweka kata chini.

"Mheshimiwa Nyati, hujambo? Mimi nilikuchagua."

"Ahsante sana, mama. Nimefurahi."

"Jirani yangu Ngiri ametoka nyumbani kwa sababu ya maneno ya uchaguzi. Sijui amelala wapi. Mmemwona?"

Nyati akamtazama Tembo. "Ngiri yupi?"

"Ngiri wako wengi," akasema Tembo.

"Huyu alikuchagua wewe, Mheshimiwa Tembo. Ana watoto watatu."

"Ah! Wenye watoto ni wapiga kokwa wangu," akasema Tembo, akajimwagia matope. "Msiwe na kinyongo, mama. Siasa zimekwisha. Rudini mkajenge bonde."

"Zimekwisha kwenu, waheshimiwa," akasema Muhanga. "Kwetu ndiyo kwanza zimeingia ndani."

Wakacheka, wakadhani anatania. Muhanga akaishika kata yake, akaendelea.

Alitafuta penye miiba, hakuwaona. Alitafuta penye mawe, hakuwaona. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipowakuta chini ya mgunga mmoja mkavu, mahali pasipo na shimo wala kichaka. Ngiri alikuwa amesimama, ameupa mgongo mti, meno yake yametazama nje. Nyuma yake watoto walikuwa wamejikunyata.

Muhanga akaiweka kata chini, akahesabu kwa macho. Mmoja. Wawili. Akahesabu tena.

"Jirani," akasema, "wa mwisho yuko wapi?"

 "Ile mvua ya juzi," akasema Ngiri. "Radi ilipiga, wakatawanyika. Chui alikuwa karibu. Nilimkimbilia, dada. Nilimkimbilia sana."

  Muhanga alikuwa amekuja na maneno mazuri, ameyapanga njia nzima. Yote yakapotea.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyewatoa ndani."

"Aliyekula ni chui."

"Lakini ni mimi niliyewatoa ndani."

"Na ni mimi niliyetoka," akasema Ngiri. "Ningeweza kurudi jioni ileile. Shimo lilikuwa wazi, nililiona kwa mbali. Nikasema, sirudi, mimi niko upande ulioshinda. Nikasema, akinyenyekea ndiyo nitampelekea maji." Akainamisha kichwa. "Nimeshinda, dada. Tazama nilivyoshinda."

 Upepo ulipita kwenye nyasi, ukarudi, ukapita tena.

Muhanga akaisogeza kata mbele, kidogo kidogo, mpaka ikafika miguuni mwa Ngiri.

"Pole, jirani," akasema. 

Ngiri aliyatazama maji yale. Akanywa kidogo, yaliyobaki akawasukumia watoto. Wakanywa mpaka kata ikakauka, kwa maana walikuwa hawajaenda kisimani tangu ile mvua. Jua la tatu lilikuwa bado halijatua.

"Nenda nao," akasema Ngiri. "Walale ndani."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa kwanza. Mwenzao hajui njia. Labda atarudi."

Muhanga alijua hatarudi. Ngiri naye alijua. Lakini yako maneno ambayo jirani hamsahihishi jirani yake. Akasema tu, "Haya. Mlango hautafungwa," akatangulia, na watoto wawili wakamfuata.

Usiku ule Muhanga hakwenda kutafuta mchwa. Alilala na njaa mlangoni, watoto wamelala nyuma yake.

Ngiri alikaa chini ya mgunga siku ya kwanza. Akakaa siku ya pili. Siku ya tatu jioni alirudi, amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope. Hakuomba ruhusa, wala Muhanga hakungoja aombwe. Alisogea akampisha. Tangu siku ile walikutana mlangoni kama zamani, asubuhi mara moja, jioni mara moja. Walisalimiana kwa upole. Lakini ule utani wa magoti na wa pua, wanangu, haukusikika tena. Wakati mwingine Ngiri alipotoka alfajiri na watoto, alisimama kidogo mlangoni, kama mtu anayengoja mmoja aliyechelewa. Na Muhanga, akiwa amechoka na kazi ya usiku, alisimama naye mpaka Ngiri aanze kutembea.

Mnaniuliza Tembo aliongoza vipi? Aliongoza kama wanavyoongoza wengi, siku nyingine vizuri, siku nyingine vibaya. Wenye watoto walikunywa kwanza kwa mwezi mmoja, halafu ikasahaulika. Yeye na Nyati walizeeka katika dimbwi moja. Na mpaka wanakufa, hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba katika bonde lao kulikuwa na mtoto wa tatu wa Ngiri.

Ngano yangu nimeituliza hapa, naye aliye na usingizi na aende kulala.

Lakini kabla hamjaondoka, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu, mengine mkiyasahau si neno. Kesho mkipita kwa jirani mliyegombana naye, msingoje akusemesheni yeye. Msalimieni nyinyi kwanza, jua lingali juu.