Kioo Kisichotakiwa Kuona Jua

Wahenga wetu walitembea bila viatu, kwa hiyo kuhusu miiba hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo likipuuzwa hukua hadi likamwaibisha aliyelipuuza. Kuieleza methali hii ni rahisi. Kuichechemea ndiyo kazi.

Josphat Ndolo alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, kijana nadhifu mwenye ulimi mwepesi kama cherehani. Jumamosi moja ya Septemba alifika Kithimani, kwa wazazi wa mchumba wake Kavutha, akiwa na wazee wawili wa ukoo, rafiki yake Wesley na mbuzi watatu. Mbuzi hao ndio ntheo. Kwa Wakamba, wasipopokewa, hakuna posa, na kijana hurudi kwao mkono mtupu.

Baba yake Kavutha, Mzee Muthoka, alikuwa ameishi miaka thelathini na mmoja pwani akiwa mlinzi wa mnara wa taa. Wageni walipomuuliza, alisimulia bila haraka. Mnara ulijengwa kwa mawe ya matumbawe enzi za babu zao, baada ya meli nyingi kupasukia mwamba uliojificha chini ya maji. Taa ya kwanza ilikuwa ya mafuta, ikafuata ya gesi, na siku hizi ni ya nguvu za jua, haihitaji mtu. Ilimulika mara mbili, ikanyamaza, ikamulika tena, ili nahodha ajue yuko mbele ya mwamba gani na aukwepe. Muthoka ndiye aliyekuwa mlinzi wa mwisho. Siku ya kuaga alipewa kipande cha kioo cha zamani cha taa hiyo, kinene, chenye pete ndani ya pete kama kitunguu kilichokatwa. Kilikaa sebuleni kimefunikwa kwa leso kuukuu.

Josphat akataka kupigwa picha nacho. Mzee alikubali kwa sharti moja: kisifunuliwe nje kabla jua halijatua.

"Mzee, hii ni kioo ama ni bibi harusi?" Josphat akauliza. "Mimi niko kazi ya nguo miaka sita, na sijawahi kushonea kioo rinda."

Wageni walicheka. Muthoka naye alitabasamu, maana mgeni ni mgeni. Kavutha alimvuta Josphat kando akamnong'oneza kwamba baba yake si mtu wa kusema jambo mara mbili. Josphat akaona huo ni uoga wa wazee tu.

Wazee walipoanza mazungumzo, yeye na Wesley walikibeba kioo hadi nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na rundo la mabua ya mahindi, refu kuliko mtu, chakula cha ng'ombe wawili wa Mama Kanini, mamake Kavutha, hadi mvua za Novemba. Wesley alisema mabua yangependeza kwenye picha. Wakakiegemeza kioo kwenye kigoda, hatua moja mbele ya rundo, wakaiondoa leso. Jua la saa tisa lilikuwa limekikodolea macho. Josphat alipigwa picha mkono kiunoni, nyingine mkono mfukoni, kisha wakaitwa kula wakakiacha papo hapo.

Josphat hajamaliza paja la kuku, moshi ukaingia dirishani. Watu walitoka mbio na mitungi, lakini kiangazi kilikuwa kimekausha tangi, na moto haungoji maji ya kuazima. Nusu saa baadaye rundo lilikuwa jivu. Ng'ombe walilia kule walikofungwa. Mama Kanini alisimama na ndoo tupu.

Josphat alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya Kithimani, pamoja na nyufa zake zote za kiangazi, haikumpa hata moja ya kumtosha.

"Nisamehe, Baba," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Watu walikuja kuona taa ikiwaka," Muthoka alisema polepole. "Hakuna aliyekuja kuniona alfajiri nikivuta pazia kufunika kioo. Kioo hiki hakibagui mwanga, mwanangu. Uwe wa taa au wa jua, kinauchukua wote kinauweka mahali pamoja hadi pashike moto. Mwenzangu alisahau pazia asubuhi moja tu, tukapoteza chumba cha juu."

Wazee wa Josphat walikohoa, wakauliza kwa unyenyekevu kama ntheo ingepokewa. Mama Kanini ndiye aliyejibu.

"Mbuzi siwakatai kwa hasira. Lakini watakula nini hapa? Chakula si ndicho hicho jivu? Warudishe kwenu. Ukipata mabua, leta hayo kwanza, halafu tutaongea mambo ya mbuzi."

Basi Josphat akapita katikati ya soko la Kithimani, suti imejaa masizi, akiwavuta mbuzi wale wale walioshangiliwa asubuhi. Mwanamke mmoja muuza nyanya akamuuliza, "Kijana, umetoa ama umetolewa?" Wesley akaanza kueleza kwamba ni mbuzi wa kuuza, lakini Josphat akamkatiza.

"Waambie ukweli," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Nimechoma mabua ya mama mkwe."

Kicheko kilimtangulia kibanda hadi kibanda, na kabla hajafika stendi hakuna aliyehitaji kuelezwa: mdharau mwiba, mguu huota tende.