Bi Kanga na Idara ya Mapaa Bora

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba, nyumba ikawa na paa, paa likawa na tundu.

Tundu la nani?

La Bi Kanga. Sogeeni basi, na wa nyuma wasisukume wa mbele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, mambo yalianza siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Si saa tatu. Saa tatu na robo. Bi Kanga aliangalia kivuli cha mchi wake pale uani, na Bi Kanga hakuwa mtu wa kukosea kivuli.

Saa hiyo Mtemi Kiboko alipanda juu ya kichuguu. Kichuguu kikabonyea. Akapanda kingine.

"Wananchi!" akanguruma. "Wazee wetu walikuwa gizani! Paa la mtu likitoboka, anapika togwa, majirani wanakuja kuezeka. Huyu anaezeka hivi, yule anaezeka vile. Aibu! Kuanzia leo mapaa yote ni kazi ya serikali. Nimeunda Idara ya Mapaa Bora. Atakayekata nyasi porini, au kumwezekea jirani bila ruhusa, nyumba yake tutaichukua. Nyinyi pumzikeni!"

Wanyama wakashangilia. Nani hapendi kupumzika? Hata Bi Kanga alipiga makofi mpaka mbawa zikamuuma.

"Na togwa je?" akauliza Bi Pimbi, jirani yake.

"Togwa nayo mtaletewa," akasema Kiboko.

Basi wakapumzika. Wakapumzika, wakapumzika, wakapumzika. Na paa la Bi Kanga likatoboka, tena juu kabisa ya kiota alichotagia mayai.

Bi Kanga alikuwa na wasiwasi tangu kuzaliwa. Akilala aliota tundu, akiamka alilipima. Lilikuwa na upana wa nyayo tatu za kanga, kasoro kucha moja. Mawingu yalishaanza kujikusanya kule mlimani, naye alijua: yai likilowa siku tatu linakuwa viza, na yai viza halina kifaranga wala mjadala.

Akaenda kwenye Idara. Akamkuta karani, Bwana Nguchiro, amekalia kiti kirefu, miguu inaning'inia.

"Bwana karani, paa langu limetoboka. Nipe ruhusa majirani waje kuniezekea."

"Mama, hilo tundu si lako," akasema Nguchiro. "Ni la serikali. Huwezi kuziba tundu la serikali. Mkaguzi atakuja kuliona."

"Mkaguzi gani?"

"Kobe."

"Kobe! Atafika lini?"

"Yuko njiani."

Bi Kanga akarudi nyumbani, akangoja. Kobe akaja, lakini alipofika jua lilikuwa linawaka. Akainua shingo, akatazama tundu, akatazama sakafu.

"Silioni likivuja," akasema.

"Baba, si mvua haijanyesha?"

"Basi si tundu. Ni dirisha. Madirisha yana idara yake."

Akageuka kurudi kupeleka habari. Bi Kanga alimsindikiza, akapika, akala, akaosha vyombo, akachungulia nje. Kobe alikuwa bado anavuka uwanja.

Akaenda mara ya pili. "Bwana karani, lile ni tundu, si dirisha. Dirisha halikai juu ya kiota."

"Mkaguzi amesema dirisha?"

"Amesema."

"Basi tungoje afike aseme kwamba amesema. Yuko njiani."

Mvua ikaanza kunyesha. Siku ya kwanza Bi Kanga alitandaza mbawa juu ya mayai, maji yakamchuruzika mgongoni. Siku ya pili akayasogeza kona nyingine, maji yakayafuata. Kukicha siku ya tatu alimbembeleza Bi Pimbi ayalalie, akakimbia Idarani mara ya tatu.

Alikuta nini? Idara nzima inavuja! Bwana Nguchiro yuko juu ya meza, sufuria kichwani, maji yanagonga ti, ti, ti.

"Mbona hamuezeki?" akauliza Bi Kanga.

"Tumeomba."

"Mmeomba kwa nani?"

"Kwetu."

"Na mmejijibu nini?"

"Tumejijibu tusubiri mkaguzi," akasema Nguchiro chini ya sufuria. "Yuko njiani."

Bi Kanga akarudi analia. Akamkuta Bi Pimbi kayalalia mayai vizuri kabisa, macho yamemtoka kwa kuogopa kujikuna.

"Shoga," akasema Bi Kanga, "leo ndiyo siku ya tatu. Yakilowa mpaka jioni, sina watoto."

"Nyasi za porini haramu," akasema Bi Pimbi. "Majirani haramu. Lakini shoga, nyinyi ukoo wa kanga na ukoo wa viboko si watani?"

Bi Kanga akaacha kulia.

Ni kweli. Mababu zao walipigana kwa ajili ya bwawa, wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Na utani una sheria yake, nyinyi mnaijua. Mtani huingia kwa mtani wake mchana kweupe, humtukana atakavyo, huchukua akitakacho. Mwenye nyumba hucheka. Akikasirika, amejiaibisha yeye na ukoo wake wote.

Mvua ilipopumzika kidogo, Bi Kanga alikwenda moja kwa moja kwa mtemi, akaruka juu ya paa lake. Lilikuwa paa nene, lililoezekwa kwa togwa enzi za mababu.

"Hodi, we gogo la matope!"

"Nani huyo?" akanguruma Kiboko kutoka ndani.

"Mtani wako! Nimekuja kuchukua nyasi. Kichwa chote hicho kama pipa, ndani umeweka nini, mwangwi?"

Askari wakakimbilia ngazi. Kiboko akatoka, akamwona, akavimba. Mkewe akamkanyaga mguu. "Cheka, baba nanihii," akamnong'oneza. "Watu wanatazama."

Kiboko akafungua kinywa. Ha. Ha. Ha. Kicheko kilitoka kama jino linalong'olewa.

"Mwacheni, ni mtani," akawaambia askari. "Chukua, we uliyemwagiwa unga na wifi asiyekupenda! Lakini sheria yangu unaijua: hakuna kukata nyasi."

"Sikati, nachomoa. Na nachomoa kwako, si porini."

Akachomoa za upana wa nyayo tatu kasoro kucha moja, hata unyasi mmoja hakuzidisha. Akafika kwake, akaziba tundu, akayapapasa mayai. Bado yalikuwa na joto. Akayalalia, na mvua ikashuka kwa nguvu.

Ikamshukia nani? Kiboko, kitandani! Sasa msicheke. Mtu anayeshinda majini mchana kutwa hapendi maji yamfuate kitandani.

"Nguchiro!" akaita. "Paa langu linavuja! Liezekeni sasa hivi!"

Nguchiro akaja mbio na sufuria yake kichwani. "Mheshimiwa, tumelipokea tundu. Mkaguzi atakuja."

"Mkaguzi gani?"

"Kobe. Yuko njiani."

"Mimi ndiye mtemi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na sheria ni yako."

Kiboko akatoka mvuani, akaenda Idarani, akaitazama ile meza, akaikalia. Kitu akikikalia kiboko hakikaliwi tena. Kisha akaenda kwa Bi Kanga, akasimama mlangoni, maana mlango haukumtosha.

"Mtani," akasema polepole, "Idara nimeivunja."

"Tumeisikia ikilia."

"Mke wangu anakoroga togwa. Yule… yule wa kuleta nyasi, na yule wa kamba… bado wanakumbuka?"

"Wanakumbuka," akasema Bi Kanga. "Walikuwa wanapumzika tu."

Asubuhi yake, mvua ikiwa imekatika, Bi Kanga alimwachia Bi Pimbi mayai. Akaenda porini, akakata tita la nyasi, nyasi ndefu zilizonyooka, akatupa zote zenye fundo. Akapanda juu ya nyumba ya mtemi mbele ya majirani wote. Na kabla hajafunga fundo la kwanza, akainama tunduni akaita, "Amka, we gunia! Wenzako tumeshafika!"

Wanangu, hadithi hii inatufunza hivi: jambo ambalo majirani wanaliweza kwa mikono yao, waachiwe. Mkubwa akilichukua lote, litakuwa la kila mtu na halitakuwa na mtu. Na mila ya wazee usiibomoe kwa kuwa imezeeka. Uliza kwanza imeezeka nini.

Nami nilipita pale, nikanywa togwa yao kata moja. Aliyesikia na aende nayo, aliyesinzia na amuulize jirani.