Kiungo cha Kiboko

Jamani, nimekuja na ngano!
— Itue!
Ni nzito!
— Tutakusaidia kubeba!
Inanuka kidogo!
— Tutaziba pua!

Haya, zibeni, maana mimi nikianza simsubiri mtu.

Hapo kale, kando ya mto, aliishi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba mifupi anayejiviringa akiguswa. Alikuwa na watoto wake na kibustani cha mchicha. Lakini udongo ulikuwa umechoka. Mchicha ulitoka mwembamba, wa njano, watoto wakila wanalala na njaa.

Kalunguyeye akasema, "Udongo wangu nao una njaa. Ngoja niupikie mboji."

Ilikuwa mara yake ya kwanza. Akapanga vijiti chini, hewa ipite. Akatandaza majani makavu. Juu yake majani mabichi na maganda ya ndizi. Juu yake majivu. Akanyunyiza maji, akachomeka kijiti katikati cha kupimia joto. Kesho yake akachomoa kijiti, akakigusa. Baridi! Keshokutwa akachomoa. Baridi! Rundo lilikosa samadi, na samadi ya kalunguyeye, jamani, haijazi hata kijiko.

Sasa, mtoni aliishi Kiboko. Mnamjua: tumbo kama ghala, na akiona jani bichi hana salamu. Jioni moja akanusa maganda ya ndizi. Akaja, ti! ti! ti!

"Hodi, Mama Miiba! Nasikia harufu ya chakula."

Moyo wa Kalunguyeye ukamlipuka. Kiboko akilila rundo, mvua itafika hakuna mboji, na watoto watashinda njaa msimu mzima.

"Karibu, jirani. Ni chakula kweli, ila ndiyo kwanza nimeteleka. Bado hakijaiva."

"Nitakila hivyohivyo, kibichi."

"Kikuharibu tumbo, tumbo lote hilo? Dawa ya kukutosha nitaipata wapi? Ngoja, kinakosa kiungo. Na mapishi haya yana adabu yake: mgeni haangalii chungu. Geuka, nipe mgongo."

Kiboko ni mlafi, lakini alilelewa. Akageuka. Akasimama akingoja. Na kiboko akisimama akingoja, mkia wake huanza kazi wenyewe, huku na huku kama pangaboi, samadi ikiruka mpaka juu ya rundo: prap! prap! prap!

We Mwanakheri uliyekaa hapo nyuma, acha kucheka, ngano itakupita.

Kalunguyeye akajiviringa, akafumba macho, akashukuru.

"Kiungo kimeingia?" Kiboko akauliza.

"Kimeingia!"

"Kimeiva?"

"Bado. Njoo kesho."

Kesho akaja, ti! ti! ti! "Kimeiva?"

"Bado. Kinakosa kiungo."

"Nigeuke?"

"Geuka."

Prap! prap! prap!

Siku si nyingi, kijiti kikachomoka na moto wa kuunguza vidole. Wee! Kalunguyeye alicheza mpaka miiba ikalia. Rundo likatoa mvuke. Kiboko akaja. "Kimeiva?"

"Bado, kinataka kushika chini. Nisaidie kugeuza."

Kiboko akageuza kwa pua, fo! fo! fo!, mate yakimchuruzika.

Basi akazoea kuja. Wakingoja, walipiga soga. Siku moja Kiboko akasema, "Unajua, Mama Miiba, nikipiga hodi kwingine wote hukimbia. Wewe tu ndiye unayesema karibu."

Kalunguyeye akaona haya kidogo. Kidogo tu.

Mwishowe rundo likapoa, likawa jeusi, laini, linanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Kiboko akaja. "Kimeiva?"

Kalunguyeye hakuwa na "bado" nyingine. "Kimeiva."

Kiboko akapanua kinywa, ham! Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Mama Miiba. Huu ni udongo."

"Ni chakula, jirani. Sikusema ni chako. Ni cha mchicha."

"Na kile kiungo kilikuwa nini?"

Kalunguyeye akaanza kujiviringa polepole. "Kilikuwa chako. Ulikitia mwenyewe, kwa mkia."

Kiboko akageuka, akautazama mkia wake. Macho yakamtoka. Miiba yote ya Kalunguyeye ikasimama.

"Ina maana," Kiboko akasema, "aliyepika ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mimi!" Akacheka mpaka maji ya mto yakapanda ukingoni. Akaenda mto mzima akitangaza, udongo bado uko mdomoni: "Nimepika! Mimi nimepika!"

Mvua ikanyesha. Mchicha ukatoka na majani mapana ya kufunikia chungu, watoto wakashiba wakasaza. Na Kiboko? Akawa mlinzi wa bustani. Kila jioni anapiga hodi, anauliza, "Mchicha wetu haujambo?", na anakula mstari wa nje tu, ule aliopandiwa yeye.

Funzo? Watoto wangu, msimdanganye jirani hata siku moja. Oneni yaliyompata Kalunguyeye: kila jioni ana mgeni mkubwa kuliko mlango wake, na siku mgeni huyo akichelewa, mama wa watu chakula hakimpiti kooni.

Ngano naiacha hapa. Ni nzito?
— Tumeizoea!
Basi fungueni pua. Inanukia.